Birika Mbili Nyuma ya Pikapu

Ile picha mmeiona wote. Imezunguka kwenye simu za ofisi nzima: bibi harusi amechuchumaa nyuma ya pikapu yangu, gauni jeupe amelikusanya magotini, mkono wake uko kwenye kipande cha raba, na watu waliomzunguka wamesimama midomo wazi. Tangu nirudi Nyeri nimeulizwa habari hiyo kwenye ngazi, kwenye foleni ya chai, hata msalani. Huyu nimemsimulia kipande hiki, yule kipande kile, na sasa habari zinanirudia zikiwa zimeota mikia. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, halafu mniache nifanye kazi.

Kwa asiyejua, mdogo wangu Simiyu ni polisi Kerugoya. Sisi ni watu wa Bungoma. Mimi nilikuja huku kwa kazi, yeye akanifuata kwa kazi, na mwishowe akapata mchumba Kangema, mwalimu wa chekechea anayeitwa Wangui. Baba yake Wangui alifariki mwaka jana. Aliyebaki kumshika mkono hadi madhabahuni ni mjomba wake, Mzee Kamande, mwenye gari jeupe ambalo hulipangusa kuliko wengine wanavyooga. Gari hilo ndilo lingembeba bibi harusi. Pikapu yangu ndiyo ingetangulia, mpiga video akiwa amesimama nyuma akimchukua Wangui njia nzima, kama ifanywavyo kwenye harusi zote za huku.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwenye harusi ya mtu mwingine, pikapu ya video ilirusha jiwe likapasua kioo cha Mzee Kamande, na tangu hapo hajawahi kupona. Alinipigia simu wiki ya harusi, akauliza kama gari langu lina madiflapu, vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia mawe na matope. Nilimwambia ukweli, kwamba zamani zilikuwepo.

"Sasa sikiza, mama," akasema. "Gari yangu haiwezi fuata gari iko na magurudumu uchi. Kama hakuna madiflapu ya maana, mimi na gari yangu tunakaa nyumbani."

Nikamuuliza, basi Wangui atatolewa na nani. Akasema hilo nijiulize mimi. Ndivyo harusi ya mdogo wangu ilivyokuja kuning'inia kwenye vipande viwili vya raba.

Nyeri hadi Karatina

Niliondoka Ijumaa asubuhi na Senge. Senge ndivyo sisi tunavyomwita dada wa baba, na huyu wetu alikuwa amekuja kutoka Bungoma kuwakilisha ukoo mzima. Alikuja na sufuria kubwa ya kusongea ugali kwa sababu amesikia watu wa Mlima Kenya hawajui chakula zaidi ya viazi. Nyuma tulipakia zulia la zawadi, jipya, limeviringishwa likawa refu kama mtu, tukalifunika kwa turubai.

Mwenye duka la vipuri pale Nyeri alinionyesha madiflapu za plastiki, nyeusi, zinang'aa, zina vitone vyekundu vya kuakisi mwanga. Niliuliza kama ni imara. Aliapa. Akaongeza kwamba ni orijino, na mnajua wenyewe kwamba mtu akishasema neno hilo bila kuulizwa, ni wakati wa kuondoka. Sikuondoka. Fundi wake alizifunga kwa skrubu za kufungia kabati, kisha akaenda kunywa chai na ufunguo wangu mfukoni. Tulimngoja kwenye ile baridi mpaka Senge akaniuliza kama gari sasa ni la yule kijana.

Matuta ya nje ya mji yalitosha. Plastiki ya bei ya kuringia ilipasuka kwa baridi na mtikisiko kama kaukau za viazi. Moja ilidondoka bila kuaga. Nyingine ilibaki kwenye skrubu moja ikipigapiga bodi njia yote, na Senge hakuacha kuniambia nisimame, kuna mtu anabisha.

Karatina, kando ya soko, tulimpata mzee mmoja anayekata raba kwa kisu cha viatu. Raba yake ilikuwa nyembamba lakini laini, haiwezi kupasuka. Alinitaka niseme urefu. Kwa hasira za plastiki nilimwambia akate ndefu, ifunike kila kitu. Alinitazama, akakata ndefu.

Tukaenda kula. Senge aliagiza ugali. Kilipoletwa kile kijisahani, akakitazama kwa muda, akamwita mhudumu na kumuuliza kwa adabu kama hiyo ilikuwa ya kuonja. Mhudumu akasema ndiyo hiyo, mum. Senge akaniambia nilete sufuria kutoka kwenye gari. Nilikataa. Aliumaliza kwa matonge mawili, akainuka kunawa mikono.

Nilipokuwa nikirudi nyuma kutoka hotelini, gurudumu la kushoto lilikanyaga ile raba ndefu, likaivuta na kuing'oa pamoja na kipande cha bati. Mzee wa kisu alikuwa akinitazama toka upande wa pili wa barabara. Akaendelea kunoa kisu chake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Karatina hadi Kerugoya

Simiyu alikuwa ameahidi kuwa tayari mchana. Tulimkuta kinyozini. Kutoka kinyozini akaenda kuaga wenzake kambini, na wenzake wakaamua kwamba hawezi kuondoka bila maombi. Maombi yakazaa nasaha. Kila afisa aliyewahi kuoa, na mmoja ambaye hajawahi, alikuwa na la kumwambia bwana harusi. Nilikaa juu ya jiwe nikila wali wa mbaazi nilioletewa na mke wa mmoja wao, na ni wali huo tu uliozuia nisiwafokee.

Katika kunyoosha miguu, afisa mmoja Mkamba aliona nyuma ya gari langu na kucheka. Nilimwambia kama anacheka basi na asaidie. Akasema plastiki hupasuka, na raba nyembamba hupeperuka gari likishika kasi, mawe yakapita chini yake. Ya kudumu ni raba ya ule mkanda mnene wa mashine za kwari, zile za kusaga mawe, yenye nyuzi ndani. Iishie shubiri moja kutoka ardhini, na ibanwe juu kwa bapa la chuma ili bolti zisiirarue. Nikamuuliza Kerugoya inapatikana wapi. Akasema Kerugoya haipatikani, jaribu Murang'a.

Kerugoya hadi Murang'a

Mvua ilitupata karibu na Sagana, na nikaanza kumwelewa Mzee Kamande. Gari moja lililokuwa nyuma yetu lilinipigia honi mpaka likafanikiwa kunipita. Dereva alishusha kioo, akanihutubia kwa Kikuyu. Sikushika hata neno moja, lakini gari lake lilikuwa limepakwa matope kuanzia taa hadi paa, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Senge alimpungia mkono.

Murang'a tulifika yadi zikifungwa. Tukalala gesti. Simiyu hakuacha kutembea huku na huku akiuliza itakuwaje tukikosa. Alisema yeye anaweza kuoa bila video na bila gari, lakini Wangui alishamwambia kitu kimoja tu: hataki kuingia kanisani peke yake watu wakimhesabia kiti cha baba kilicho wazi. Anataka mjomba awepo. Nilimwambia alale, madiflapu zitapatikana. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Asubuhi ya harusi, yadi ya kwanza kufunguliwa ilikuwa ya mama mmoja anayeuza vyuma kuukuu na sehemu za magari yaliyokufa. Nilimwambia nataka raba ya kwari, sitaki hadithi. Akaingia chini ya mabati, akatoka na madiflapu mbili nzito hadi akaziburuta. Nilizikunja zikakataa kukunjika. Nilizikwaruza kwa ufunguo, hazikuonyesha alama. Nyuzi zilionekana kwenye ukingo, na urefu ulikuwa barabara kabisa. Kila moja ilikuwa imechongwa picha ya birika la chai kwa kisu, mchongo wa kuzama, kisha ukapakwa rangi nyeupe. Kazi safi.

Senge aliyapenda mabirika yale papo hapo. Alisema nyumba mpya inataka birika, na hawa wameletewa mawili.

Nilimuuliza yule mama kwa nini mwenyewe aliziuza. Akasema pikapu yake ilikufa injini ikauzwa vipande vipande, na mwenyewe amezeeka amepumzika.

"Lakini hizi hazijawahi kimbizwa," akaniambia. "Zimefanya tu kazi ya polepole."

Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamjibu ninakaa Nyeri.

"Ah, Nyeri," akasema. "Basi hakuna shida."

Mtanisamehe, lakini ni nani kati yenu angesimama hapo kuuliza shida ingekuwepo wapi? Jua lilikuwa linapanda, harusi ilikuwa siku hiyo. Fundi wa jirani alizibana kwa bapa la chuma kama nilivyoelekezwa, kisha akachomelea nati kabisa, maana alisema raba kama hizi zikiwa na nati za kufunguka hazimalizi wiki kabla wezi hawajazichukua. Nilimsifu. Kwa mara ya kwanza tangu Nyeri nilikuwa nimeridhika na fundi.

Murang'a hadi Kangema

Tulibanana watatu mbele, mimi kwenye usukani, Senge katikati, Simiyu dirishani ndani ya suti yake. Mpango ulikuwa kumshusha Simiyu kanisani, kisha niende kwa kina Wangui kuongoza gari la mjomba.

Barabara ya kupanda Kangema ina kona na chai kila upande, na mimi si mtu wa mbio, kwa hiyo nilitegemea kupitwa. Gari dogo likatufikia kwa kasi, likakaribia kabisa, halafu likapunguza mwendo ghafla, likawasha taa na kukaa nyuma yangu. Lori la majani chai likaja, likafanya vivyo hivyo. Wakaja wengine. Nikatoa mkono dirishani kuwaonyesha wapite. Hawakupita. Nikapunguza mwendo, nao wakapunguza. Nikaegesha pembeni kabisa, magurudumu ya kushoto yakawa kwenye nyasi, nao wakaegesha nyuma yangu mmoja baada ya mwingine. Kwenye kioo nikamwona dereva wa lori akishuka, akavua kofia na kuishikilia kifuani.

Hasira niliyokuwa nayo hamuwezi kuijua. Mtu una harusi, umechelewa, na watu wazima wenye barabara nzima wameamua kukufuata kama vifaranga. Niliwasha gari nikaendelea. Wachuma chai waliokuwa karibu na barabara hawakuinua macho tulipokuwa tukija, lakini tulipokwisha kuwapita, niliwaona kwenye kioo wamesimama wima wote, vikapu mgongoni, wakiangalia nyuma ya gari letu.

Senge alisema watu wa huku wana heshima kwa wageni, na kwamba tumewasengenya bure kwa habari ya ugali. Simiyu alifikiri wametambua kwamba afisa yumo ndani. Akajinyoosha tai.

Tulipoingia Kangema mjini nilisimama kwa ajili ya punda aliyekuwa akivuka. Mwanamume mwenye koti la mvua akaja dirishani kwangu, akaniambia pole sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani. Kabla sijafungua mdomo Senge alimjibu kwa fahari kwamba ni bwana harusi, wa Wangui. Mwanamume yule akaangalia nyuma, pale zulia lilipolala chini ya turubai. Akafumba macho.

"Ngai," akasema. "Na harusi ni leo."

Nilimwambia ndiyo, ni leo, na tumechelewa, tafadhali awaambie hao walio nyuma wapite. Aliondoka akiwa na simu sikioni.

Hatukufika mbali simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Kamande. Nilimweka kwenye spika kwa sababu nilikuwa naendesha. Sauti yake haikuwa ile ya kioo na mawe, ilikuwa imekwisha kabisa. Aliniuliza ilikuwa hospitali gani.

"Hospitali ya nani, Mzee?"

"Ya Simiyu."

Simiyu aliinama mbele ya Senge akasema, "Niko hapa, Mzee, tumekaribia."  Kisha tukasikia simu ikianguka chini.

Nilisimamisha gari palepale katikati ya barabara, nikarudi kwa miguu hadi kwa yule dereva wa lori, ambaye tayari alikuwa ameshavua kofia tena. Nilimwambia nataka kujua leo hii watu wa Kangema wana nini na gari langu. Akanieleza taratibu, kwa upole anaozungumziwa mtu aliyefiwa.

Kwa miaka mingi, akasema, kulikuwa na pikapu moja iliyokuwa ikichukua watu mochari na kuwaleta nyumbani kuzikwa, Kangema yote. Mwenyewe aliwahi kuwa na hoteli ya chai, na alama ya hoteli aliichonga kwenye madiflapu zake. Ndiyo maana gari liliitwa Birika. Huku watu hawasemi fulani amekufa, wanasema Birika imeenda kumchukua. Na hakuna mtu anayeipita Birika, hata akiwa anakimbilia nini. Unawasha taa unafuata mpaka njia zenu ziachane. Ilikuwa imepotea barabarani tangu mwaka jana, na leo wameiona imerudi.

Simiyu alikuwa amenifuata. Dereva akamtazama akiwa ndani ya suti na ua kifuani, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia huyu ndiye maiti. Yule mtu alikaa chini kwenye ngazi ya lori lake.

Simiyu alimpigia Wangui mara nyingi, simu ikawa imezimwa. Alikuwa amegeuka rangi. Hakuna njia ya kuthibitisha mtu yu hai ila kumwonyesha, kwa hiyo habari ya kumshusha kanisani iliishia hapo. Nikamwambia apande nyuma asimame juu ya zulia, ashike chuma, na apunge mkono kwa kila mtu tutakayemwona. Ndivyo tulivyokwenda. Bwana harusi amesimama wima juu ya gari la wafu, anapungia watu mkono, na watu hawapungi. Mwanamke mmoja aliingia na ndoo yake ndani ya chai akapotelea humo.

Na magari yale nyuma yangu bado hayakunipita. Mpaka sasa hilo ndilo linalonichoma.

Kwa kina Wangui

Vilio tulivisikia kabla hatujaliona geti. Niliingia nikipiga honi, Senge akiimba wimbo wa harusi wa kwetu peke yake kwa sauti ya juu, maana alisema mahali penye kilio ni lazima mtu aanze. Watu walimwona Simiyu juu ya pikapu. Kilio kikakatika. Mama yake Wangui alimwendea akamshika miguu, magoti, mikono, akimkagua kama anayenunua ng'ombe, kisha akampiga kofi la begani na kuanza kulia upya, safari hii kwa furaha.

Nilidhani yamekwisha. Mzee Kamande akazunguka nyuma ya gari. Aliyaona mabirika, akayaangalia, akarudi mbele uso umekunjamana. Akasema gari hii haiwezi kutangulia harusi. Wazee wengine wakaitikia. Mmoja akasema mtoto wa watu hawezi kupelekwa kanisani na ile ile iliyoleta watu makaburini.

Nilisema sawa, tuzitoe. Zilichomelewa. Tutafute msumeno wa umeme mjini. Stima zilikuwa zimepotea tangu alfajiri. Tupake rangi juu yake. Mchongo umezama, utaonekana. Mtu akasema tuzipake matope zifunikwe. Mimi niliyetoka Nyeri kutafuta raba za kuzuia matope, naambiwa nizipake matope.

"Basi Mzee, nitatangulia hivi hivi, au nisitangulie," nilimwambia Mzee Kamande. "Wewe ndiye uliyesema bila madiflapu hutoki. Hizi hapa. Ni nzito kuliko za mtu yeyote Kangema. Unataka nini sasa?"

"Nilitaka madiflapu," akasema. "Sikutaka hizi."

 Sauti zilishuka, watu wakaanza kupisha njia. Wangui alikuwa ametoka ndani. Alikuwa amevaa kila kitu isipokuwa viatu, na vipodozi vilikuwa vimeharibika kwa machozi. Simiyu alikwenda kumpokea. Alimgusa Simiyu shavuni, akamwambia subiri, akampita. Akaenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, akakusanya gauni na kuchuchumaa. Hapo ndipo mtu fulani akapiga ile picha.

Alipitisha kidole kwenye mchongo wa birika la kulia, pole pole, kuanzia mshikio wa birika hadi mdomo wake. Mama yake alimwambia kwa Kikuyu asimame. Hakusimama. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie.

"Siku ya baba nilikuwa kwa gari ya nyuma, kiti ya mbele. Sikuweza kuangalia sanduku. Kwa hivyo niliangalia hizi. Kutoka mochari mpaka hapa kwa geti niliangalia hizi birika tu, sababu nilijua nikiinua macho nitaanguka."

 Mzee Kamande alikuwa amevua kofia, sidhani alijua ameivua.

"Hiyo siku zilienda mbele yangu zikimleta baba," Wangui akasema. "Leo wacha ziende mbele yangu. Nataka nizifuate mara ingine, nikiwa nimeinua macho."

Kisha akamwomba mtu amletee viatu.

Mzee Kamande alikwenda kwenye gari lake jeupe. Nilifikiri anaingia kulifunga. Akalirudisha nyuma, akalileta mpaka nyuma ya pikapu yangu, karibu kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye kioo kipya, akashuka na kumfungulia Wangui mlango wa mbele.

Hadi kanisani

Simiyu alitangulizwa kanisani kwa bodaboda, na mpiga video akasimama juu ya zulia lile lile. Senge alikaa na mimi mbele. Tulitoka getini na kuingia barabarani, na kwenye kioo nikaona lile lori la majani chai likiwa bado linangoja, na gari dogo, na wengine. Waliwasha taa. Hakuna aliyenipita, na sikumwonyesha mtu mkono apite. Niliendesha polepole kuliko siku zote nilizoendesha gari. Wangui alikuwa kiti cha mbele kando ya mjomba wake. Mwanzoni alikuwa ameinamisha macho, anaangalia chini, nyuma ya magurudumu yangu. Tulipokaribia kanisa aliyainua.

Harusi ilikuwa nzuri. Ugali haukuwepo, na Senge alisonga wa kutosha watu thelathini.

Kwa hiyo mnaoniuliza kama nitazitoa, jibu ni hapana. Hazijapasuka, hazijakunjika, na hazijarusha jiwe hata moja. Jana jioni nikitoka kazini pikapu ilikuwa na hizo hizo birika mbili nyuma, na kila mtu wa Nyeri alinipita akinipigia honi. Nilisogea pembeni, nikawaacha wapite.